Mrututu Uliochelewa Baharini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi redio ilitangaza kwamba vita vya Ghuba vimeanza. Nilikuwa mlangoni kwetu Marangu, kikombe cha chai mkononi, na jambo la kwanza nililolifikiria ni mrututu.

Mrututu ni ile dawa ya buluu tunayopulizia kahawa kabla ya masika, ili ugonjwa wa chulebuni usiozeshe matunda yakiwa bado mabichi. Miaka hiyo maduka ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuagiza pembejeo, nami nilikuwa nimelipia mrututu wangu kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Moshi. Ulikuwa njiani kutoka Ulaya kwa meli, kupitia Bahari ya Shamu. Kahawa ya msimu ule ndiyo ingelipa ada ya binti yetu wa kwanza. Hatukuwa na fungu lingine.

Nilifuatilia habari kila siku, atlasi ya shule magotini. Makombora yalirushwa kuelekea miji ya nchi jirani za huko Ghuba, na miji hiyo ilikuwa na makombora mengine ya kuyadungua angani. Ulinzi huo ni wa gharama kubwa, kwa hiyo uliwekwa penye watu wengi na penye kambi za jeshi. Meli ya mizigo haikuwekewa kitu. Ilikuwa na nahodha wake na bima.

Mwezi wa pili nilishuka mjini.

"Meli iko salama," mwenye duka aliniambia, akinisogezea kiti. "Hakuna kombora limeigusa."

"Sasa mzigo uko wapi?"

"Unazunguka Afrika nzima, bwana. Bima ya kupita Bahari ya Shamu imepanda, mwenye meli kasema hapiti. Anakuja kwa kusini, taratibu kama bibi harusi."

"Na masika?"

"Masika hayana bima, ndugu yangu." Hakucheka. Yeye naye alikuwa na fedha zake ndani ya meli ile.

Njia moja ilibaki. Chulebuni hupenda kivuli na unyevu, na kahawa yetu iko chini ya migomba. Nilikwisha kupogoa mibuni. Ilibaki kupunguza migomba ili upepo na jua vipite. Lakini kwetu kahawa ni ya mume na ndizi ni za mke. Mume hashiki panga akaenda kwenye mgomba bila ruhusa. Nikamweleza mke wangu yote, tangu Ghuba hadi shambani.

"Yaani makombora yapigwe Uarabuni, ndizi zangu ndizo zife?"

"Mama, ni kwa ajili ya ada."

"Ada ni ya kahawa. Si ndivyo unavyoniambia nikiomba hela ya kanga?"

Akaingia migombani, akawa anashika shina moja moja. Aliporudi alisema, "Nitakata mwenyewe. Na kila mkungu utanilipa kwa bei ya soko, siyo bei yako. Hela nitaipokea kwa karani wa chama cha ushirika, siku ya malipo ya kahawa, mkononi mwangu."

"Kwa karani? Wanaume watanicheka, baba mzima!"

"Wacheke. Migomba ya wake zao imesimama."

Alikata, akachagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Ndizi changa walikula ng'ombe. Masika yalianza, na mrututu ulifika mvua ikiwa imekolea. Kila tulipopulizia, mvua iliosha. Kwa majirani matunda mengi yaligeuka meusi. Kwetu yalioza kiasi, mengine yakaiva.

Siku ya malipo tulisimama wawili kwenye dirisha la karani. Wanaume walicheka kweli. Karani alihesabu elfu hamsini na mbili, na kabla sijanyoosha mkono mke wangu alichukua zake elfu kumi na nne za ndizi, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nilizobaki nazo zilitosha ada na daftari. Ukitoa bei ya ndizi, tuliokoa shilingi elfu thelathini na nane.