Faranga Kumi za Barafu

Jana mchana jirani yangu alifungua sanduku la nguo za bibi harusi, na harufu ya langilangi ikapita dirishani kwangu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha harusi. Mimi hunirudisha Bukini, kama wazee wetu walivyokiita kisiwa cha Madagaska, kwenye nyumba ya bibi yangu Marodoka, katika kisiwa kidogo cha Nosy Be, ambako hata maji ya mtungini yalinukia maua hayo. Kuna jambo la huko ambalo sijapata kumsimulia mtu. Nyinyi nitawasimulia.

Mama alizaliwa Marodoka, kwa Wangazija waliohamia huko zamani, akaolewa Unguja. Bibi alipofariki alituchukua, mimi na mdogo wangu Hamadi, tukaenda kwenye arobaini yake. Nilikuwa na miaka tisa, Hamadi minne. Uhuru wa nchi ile ulikuwa bado mpya. Watoto wa skuli walipita wakiimba wimbo wa taifa, kila mmoja na maneno yake. Jamaa zetu walisema Kibuki na Kingazija, nami niliokota neno hapa na jingine pale, zaidi kwenye dua na majina ya vyakula.

Nilichokimudu upesi ni pesa. Mwenye duka wa Marodoka, Mhindi mzee, alinitajia bei kwa faranga, akionyesha kwa vidole. Sarafu zao ndogo zilikuwa nyeupe, zenye vichwa vya ng'ombe, nyepesi hata ukizitikisa mkononi ungedhani umeshika vifungo vya shati. Kwangu mimi niliyezoea uzito wa shilingi, zilikuwa pesa za kuchezea. Labda ndiyo maana siku moja mjini Hell-Ville mwanamke aliyeuza vitambaa vilivyotariziwa kisiwa jirani cha Nosy Komba akanirudishia chenji yenye sarafu mbili za zamani, zenye tundu katikati, zilizokwisha kukataliwa madukani. Mhindi alizitazama, akanirudishia pamoja na kipande cha uzi, nizivae shingoni. Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni. Nikaapa kwamba sitapunjwa tena.

Baada ya arobaini Hamadi akashikwa na homa. Daktari wa pale akasema apelekwe Mahajanga, kwenye hospitali kubwa, nasi tukapanda meli ya pwani. Alitupokea Bi Echati, binamu yake mama, aliyekaa mtaa wa Mahabibo. Kila siku alikuja wodini kukaa na mama kando ya kitanda.

Siku ya tatu, asubuhi, homa ilipungua kidogo. Hamadi akafumbua macho akaomba barafu. Siku tuliyoingia alimwona getini mwanamke akikwangua barafu na kuimwagia sharubati nyekundu, na kumbe hakumsahau. Mama akafungua fundo la kanga, akanipa sarafu moja ya faranga kumi. "Nenda mbio," akaniambia, "isije ikayeyuka njiani."

Mwanamke wa barafu alinijazia kikombe. Nilipouliza bei, aliinua vidole viwili akasema "roa". Roa nililijua, ni mbili, nililipata kwenye michezo ya watoto wa Marodoka. Nikampa ile kumi, nikapokea kikombe, nikanyoosha mkono nipewe faranga zangu nane. Akaitia sarafu mfukoni. Mkono wangu ukabaki pale pale. Akasema tena, polepole, kama anayesema na kiziwi, maneno marefu ambayo ndani yake nilisikia roa tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Nilikiweka kikombe kwenye meza yake nikaonyesha mfuko wake. Nafikiri alidhani nalalamika barafu ni kidogo, kwa maana aliongeza nyingine, akamwaga sharubati mpaka ikafurika, akanirudishia huku akitabasamu. Mimi nikaona ndio utamu wa walaghai huo. Sikushusha mkono mpaka aliponipa sarafu yangu. Nikaenda kwa muuzaji mwingine, na mwingine, mpaka mbali sokoni. Wote waliinua vidole viwili, wote walitaka kumi nzima. Nikajua wamekula njama. Nikarudi hospitali mikono mitupu, sarafu imelowa jasho kiganjani, na nilikuwa najivunia.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Kanga yake ilikuwa imemfunika Hamadi mpaka usoni. Bi Echati alisimama dirishani, ametupa mgongo. Nilikuwa nimekwisha kuanza, sikuweza kujizuia. Nikafungua kiganja.

"Mama, sikupunjwa."

Aliitazama sarafu ile muda mrefu. "Vizuri, mwanangu," akasema, kisha akanivuta kifuani kwake.

Tulimzika alasiri ile. Siku ya nne ya matanga, nyumba ya Mahabibo ikiwa imejaa watu, mama alinituma dukani kununua sukari. Bi Echati akasema aende mtoto mwingine, mimi niachwe. Mama akakataa, akasema nitakwenda mimi. Nilimwona hana huruma.

Muuza duka alinitajia bei, akaniona nimeganda. Alikuwa mtu mpole. Akapanga juu ya meza sarafu tano nyeupe za faranga moja moja, akazifunika kwa mkono akasema: ariary. Akapanga tano nyingine kando yake, akainua vidole viwili: ariary roa. Nilizihesabu peke yangu. Zilikuwa faranga kumi.

Mama alinisubiri uani. Aliutazama uso wangu, akanipokea sukari, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Hamadi alikuwa keshatutoka kabla hujafika getini," akasema. "Barafu isingemkuta. Umesikia?"

Nilisikia, na niliamini. Neno lile lilinilea. Nilikua nalo, nikaolewa nalo, nikazaa. Katika miaka yote hiyo hatukulirudia hata mara moja, wala mama hakuacha kunituma sokoni, na niliporudi hakunihesabia chenji.

Mama alipofariki, Bi Echati alikuja Unguja kutupa pole, mzee sana, akiona kwa shida. Tukiwa kwenye chai akamkumbuka Hamadi. Akasema mtoto yule alikuwa na subira, alilala akiuangalia mlango, kila kitambo akiuliza, "Dada bado?", na hakunyamaza mpaka karibu na adhuhuri. Hakujua ananiambia nini. Nilimmiminia kikombe cha pili.

Mama alikuwa mtu wa kutuchapa kwa uongo. Niliwahi kuchapwa kwa kusema nimesali na hali sijasali. Naye alisema uongo ule mmoja, akakaa nao peke yake mpaka kaburini. Alijua kosa langu tangu nilipofungua kiganja. Alijua pia kwamba ipo siku nitajifunza hesabu ya ariary, kama si Bukini basi kwa mtu yeyote aliyetoka huko, na akataka siku hiyo inifikie yeye akiwa uani, karibu, ananisubiri. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilidhani amenituma kwa sababu sukari imekwisha.