Spika Tano, Nyumba Mbili

Wenzangu mliokulia vijijini kabla simu hazijaingia mifukoni, mtakumbuka kwamba kila saa ya siku ilikuwa na sauti yake. Kwetu Chokocho asubuhi ilianza na mbuzi za nazi zikikwaruza kila ua, kisha sisi watoto tukipokezana alifu kwenye chuo cha Kurani huku matumbo yanadai mkate wa kumimina. Alasiri ilikuwa rede, kukwepa mpira, mpaka vumbi linatujaa masikioni. Watoto wa leo ukiwatajia rede wanakuuliza inapakuliwa wapi. Lakini sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mashine moja nyeusi, nzito, aliyokuja nayo baba baada ya kuuza karafuu.

Watu waliiita redio ya spika tano. Yenyewe ilikuwa amplifaya ya hom thieta, ya bei ya chini, tena imeshatumika Unguja. Kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka na maandishi ya vingine yamefutika. Televisheni ya kuiunganisha hatukuwa nayo. Baba alikuwa fundi seremala, mpenzi wa redio, na alitaka tu kusikia vizuri.

Tatizo lilikuwa mgao. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu, Bi Mize, alikaa nyumba ya kwanza. Bi Riziki, tuliyemwita Mama Mdogo, alikaa ng'ambo ya uwanja, hatua ishirini za mtoto. Naye baba alikuwa mtu wa kuogopa dhuluma. Akinunua kanga, ni doti mbili za rangi moja. Akileta samaki, atawageuza geuza mpaka mafungu yafanane. Sasa mashine moja na nyumba mbili, afanyeje? Alizitazama zile spika siku nzima, kisha akatoa hukumu: mbili kwa mama, mbili kwa Mama Mdogo, waya upite juu ya uwanja sambamba na kamba ya kuanikia nguo. Ya tano ilikuwa ndogo na waya wake mfupi, ikabaki pale penye mashine, nyumbani kwa mama.

"Hiyo si kitu," alisema baba. "Ya kujazia tu."

Kumbe ndiyo iliyokuwa na maneno. Nilikuja kuelewa ukubwani kuwa mashine za namna ile mtu akizungumza sauti yake hupelekwa spika ya katikati, na zile za nyuma, ambazo ndizo zilizokwenda kwa Mama Mdogo, huachiwa mwangwi. Basi kwa Mama Mdogo muziki ulisikika vizuri, lakini msomaji wa habari akianza kusoma, spika zinanyamaza kama zimesusa. Mchezo wa redio ndio usiseme. Upande wetu mke anamlilia mumewe kwa maneno ya kukata maini. Upande wa Mama Mdogo, mlango unabamizwa, basi.

"Time, mwanangu," ataniita Mama Mdogo, "hebu kimbia kasikilize kasema nini."

Nakimbia, nasikiliza, narudi. Lakini nikiwa njiani mchezo haunisubiri, kwa hiyo vipande nilivyovikosa nilivitunga mwenyewe. Katika masimulizi yangu yule mume mkorofi alikufa mara tatu.

Mimi niliona ni mchezo wa kukimbia tu. Mama Mdogo hakuona hivyo. Hakuwa amejaaliwa mtoto bado, alikuwa mgeni kijijini, ametoka Kojani, na akili ilimwambia kwamba maneno yamezuiliwa makusudi. Siku moja alimwambia baba mlangoni, "Mwenzangu umempa watu. Mie umenipa upepo."

Baba akafungua nyaya, akazifunga upya, akaweka muziki kujaribu. "Mbona zinalia hizi, yakhe!" Akaondoka ameridhika.

Habari ikamfikia mama. "Kama anataka kusikia, mlango wangu haujafungwa," akasema.

"Sijaitwa," akajibu Mama Mdogo nilipomfikishia.

Wakaacha kusemezana. Wanawake waliokuwa wakiazimana kinu na kupelekeana kitoweo sasa walitumiana salamu kupitia kwangu, na salamu zenyewe zilikuwa fupi. Karibu mwaka mzima mama hakuukanyaga ule upande. Mimi niliendelea kula nyumba zote mbili, na Mama Mdogo aliendelea kunisuka nywele kila Ijumaa, vidole vyake vinanuka mafuta ya nazi. Ijumaa moja, ananisuka, akaniambia, "Nikirudi kwa baba yangu, nani atakusuka wewe?" Nikaona mfuko wake karibu na kitanda, nguo zimekunjwa. Sikumwambia mtu. Nilifikiri nikinyamaza hataondoka.

Siku mbili baadaye, alasiri, mama alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Redio ikafika kwenye matangazo ya vifo. Mtangazaji akataja Mzee Shaame wa Kojani, akataja jamaa zake mmoja mmoja, akamalizia na binti yake Riziki aliyeolewa Chokocho.

Ungo ukasimama mikononi mwa mama. Ng'ambo ya uwanja Mama Mdogo alikuwa anakaanga mihogo. Nilisikia mafuta yakichemka, na yeye mwenyewe akiimba kwa sauti ya chini. Spika zake mbili hazikumwambia kitu.

Nikainuka, maana mpeleka habari nilikuwa mie.

"Kaa," akasema mama. "Hii si yako."

Akaizima mashine. Akanawa mikono, akajitanda kanga, akauvuka uwanja miguu mitupu. Nilimfuata nikasimama mlangoni.

"Hodi, Riziki."

"Karibu," akajibu Mama Mdogo, na mshangao ukamjaa usoni.

Mama kwanza aliepua karai motoni. Kisha akamkalisha mwenzake kwenye mkeka, akamshika mikono yote miwili.

"Mwenzangu," akasema, "baba yetu ametutoka."

Mama Mdogo hakupiga kelele. Alimlalia mama kifuani kama mtoto. Baadaye ndipo akauliza, "Nani kakwambia?"

"Redio."

Akaziangalia zile spika ukutani. "Mie hazikuniambia."

"Najua," akasema mama. "Ndiyo nimekuja."

Waliondoka jioni ile ile na baba. Mama alikuwa anaogopa maji maisha yake yote, na Kojani ni kisiwa, hakuna njia ila kuvuka kwa chombo. Alitapika mwanzo mpaka mwisho, na alipofika akaingia jikoni kwa wafiwa akapika mpaka khitma ikasomwa. Ule mfuko wa nguo Mama Mdogo alikwenda nao, na alirudi nao.

Waliporudi, mama alipanda juu ya stuli mwenyewe. Akazibandua spika zake, akaibeba mashine, zote tano zikahamia ukumbini kwa Mama Mdogo. Tangu hapo redio ilisikilizwa nyumba moja, na chai ya mdalasini na mkate wa ufuta, wao wawili wakibishana na waigizaji kana kwamba wanasikika. Baba akirudi kazini anakuta nyumba ya kwanza kimya. "Haki yote niliyoigawa mimi," alinung'unika, "mmeikusanya pahala pamoja!" Lakini naye alikaa akanywa chai.

Miezi ikapita. Fundi mmoja wa redio kutoka Chake alipita kijijini, akaitazama mashine yetu, akabonyeza kitufe kimoja tu. Spika zote tano zikaanza kusema maneno yale yale, sawasawa. Baba karibu aruke. "Alhamdulillahi! Sasa naweza kuzirudisha, kila mtu na zake."

"Usiguse!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Leo nakaa Wete, na mimi pia nina hom thieta, ya bei ya chini vile vile, spika zimepangwa kama kijitabu kinavyotaka. Wanangu hukaa chumba kile kile chenye spika, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Chakula kikiwa tayari nawaandikia ujumbe, ingawa tumeachana hatua nne. Wananicheka nikiwasha redio.

Mama alifariki mwaka jana. Mama Mdogo, aliyekuwa naye hapo, aliwakataza watu wasiandike popote mpaka mimi nifikiwe na mtu. Lakini kijana mmoja wa ukoo alishaandika kwenye kundi la familia, maneno matatu na kikatuni cha sura inayolia. Niliyasoma dukani, nimeshika mfuko wa unga, mwenye duka ananiuliza kama nataka na sukari.

Nilipofika Chokocho nilimkuta Mama Mdogo mlangoni, ameshavaa buibui, anasubiri gari.

"Nilikuwa naja kwako kukwambia," akasema.

"Nimeshasoma, Mama."

Akanitazama, kisha akalivua buibui, akalikunja.

"Kusoma ni kusoma," akasema. "Kaa nikwambie."

Akaanzia alfajiri, jinsi mama alivyoamka akaomba uji wa mtama, akaonja, akasema haukutiwa sukari ya kutosha.