Kichupa cha Sitini na Tatu

Mtaani walimwita Mama Sukari, na wala si kwa utamu wa maneno, maana ulimi wake ukikuchapa unautafuta mlango mwenyewe. Walisikia kwa mumewe kwamba anatengeneza dawa kwa sukari, basi jirani akiishiwa anabisha hodi: "Mama Sukari, hebu nitolee vijiko viwili vya maabara." Yeye hucheka, akawapa vya jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna minyororo midogo sana iitwayo peptidi, na mingine huua vijidudu vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba ukiimeza, tumbo linaikatakata kabla haijafika popote. Mama Sukari alichukua sukari, akaigeuza ncha zake mbili ili ishikane na mnyororo kama pingili nyingine yoyote, akaipachika katikati. Mnyororo ukajikunja ukawa pete, na tumbo likakosa pa kuanzia kuuma. Kusema ni rahisi! Kila pete ilimla wiki nne za kusimama mbele ya kabati la kufyonza mvuke wa dawa, miwani usoni, miguu imevimba, na mwisho wake anapata unga mweupe usiojaza hata ukucha.

Unga huo aliuyeyusha kidogo kwenye maji safi, akautia kwenye kichupa chenye namba tu, akakipeleka jengo la pili kwa wifi yake. Huyu, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa mpimaji. Anaotesha vijidudu kwenye sahani, anadondoshea dawa, na kesho yake anapima kwa rula upana wa duara ambamo vimekufa. Duara likiwa pana, Mama Sukari anajenga pete ijayo kwa kuifuata hiyo. Likiwa dogo, anabadili njia. Hakuwa na macho mengine zaidi ya hayo ya wifi.

Na walipendana, jamani! Ukweni kote, wifi huyu ndiye aliyempokea siku ya kwanza akasema, "Huyu ni wangu, atakayemgusa atapitia kwangu." Miaka tisa walikunywa chai ya saa nne pamoja, wakawasengenya wakubwa wao mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko. Mawifi wengine wakisutana, hawa wanasukana nywele.

Sasa makala yao ilikuwa imekubaliwa na jarida kubwa, itoke mwezi ujao, majina mawili juu yake. Maabara tatu za nje zilikuwa zinaisubiri zianze kuijenga pete ya sitini na mbili. Ndiyo jasho lake lote, na jina lake lote.

Jumatatu moja alifungua friji kutafuta kitu kingine kabisa, akaukuta unga wa sitini na tatu mzima, haujapungua hata chembe. Basi wiki iliyopita alimpelekea wifi nini? Akapekua daftari. Kumbe namba aliibandika kwenye kichupa cha maji ya kusuuzia! Maji matupu. Na majibu yake alikuwa nayo pale mezani, kwa mwandiko wa wifi: milimita kumi na tisa. Chini yake ameandika, "Hii kiboko, wifi yangu! Unatisha!"

Kwanza alicheka. Labda sahani zilichanganyika, alijiambia, mbona hata mimi nimekosea? Lakini wasiwasi ukishaingia hautoki kwa kubembelezwa. Akajaza vichupa vitatu maji ya bomba, akavipa namba, akavipeleka huku uso unamwaka kwa aibu ya kumtega ndugu. Wifi alivipokea kwa mikono miwili. Jumatano majibu yakarudi: kumi na nane, ishirini na moja, kumi na sita na nusu. Na nusu! Maji ya bomba, mtu kayapa na nusu.

Alikwenda palepale.

"Wifi, nionyeshe sahani."

"Sahani zipi tena? Si nimeshaosha."

"Yalikuwa maji, wifi. Vyote vinne. Maji."

Wifi hakukana, na afadhali angekana. Alivuta droo ya chini. Vichupa vya Mama Sukari vilikuwa humo, vimepangwa vizuri kwa namba, vifuniko havijafunguliwa.

"Kabati la joto la kuoteshea vijidudu liliharibika mwaka ule wa pili," alisema. "Nikaambiwa nisubiri kipuri. Na wewe ulikuwa umetoka kumzika mama, pete tatu zimeshindwa, unasema unaacha kazi. Nikaandika kumi na mbili. Hiyo moja tu, nikutie nguvu. Ulikuja mbio ukaninyanyua juu!"

"Halafu?"

"Halafu ukaleta nyingine."

Mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini huruma gani hiyo, nauliza mimi, ya kumpofua mtu kisha ukajifanya fimbo yake? Maana hapo ndipo Mama Sukari alipoelewa. Kila pete aliijenga kwa kuifuata iliyotangulia. Miaka saba alikuwa akifuata njia iliyochorwa na mtu anayebuni namba huku anapuliza chai. Huenda mojawapo mle ndani ya droo ingeponya watu, naye akaiacha kwa kuambiwa ni dhaifu. Huenda hakuna hata moja.

"Ungeniambia tu kabati ni bovu," alisema. "Ningelia, ningelala, ningeamka."

"Nilifanya kwa kukupenda, wifi."

"Usiniite wifi."

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Mumewe, mwalimu wa jiografia, alikuwa likizo, amekaa jikoni anamenya viazi. Njia nzima mkewe alikuwa akipanga maneno, atamwambiaje mtu habari za dada yake bila kumvunja moyo.

"Baba, natoka kwa dada yako. Naomba unisikilize taratibu."

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Kwa hiyo amekwambia," akasema mumewe.

Jamani. Jamani!

"Ulijua?"

"Aliniambia mwaka wa nne. Alilia sana. Nikamkataza, nikadhani ameacha."

"Ulidhani. Ulimuuliza?"

Mume akatazama maganda. Kila jioni, miaka mitano, mtu huyu alimpokea mlangoni kwa swali moja, "Leo tumeua wangapi?" Akitajiwa namba, anapiga makofi.

"Ulikuwa unaamka unaimba, mama," alisema. "Nani angekuwa na moyo wa kukuzima?"

Alifungua kompyuta pale pale mezani, akawaandikia wahariri barua pepe kwamba makala isitoke, kwamba vipimo vilivyomo havikufanyika, na nani hakuvifanya. Aliandika pia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuomba kuiona sahani hata moja. Mume alikuja kusoma begani, mikono bado ina maji ya viazi.

"Subiri kwanza. Ukiandika hivyo dada anafukuzwa kazi. Haya mambo tuyazungumze kifamilia."

"Familia ilishazungumza," alisema Mama Sukari. "Ni mimi tu sikuitwa."

Akaituma.