Siku Niliyomzimia Masika Maiki

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Ofisa Habari wa wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu wa kwanza, aliniketisha juu ya tairi la akiba nyuma ya gari la matangazo, hapo Kasese mjini, akanivisha hedifoni na kuniambia nisikilize tu. Mimi nilidhani kazi ya fundi wa vipaza sauti ni kupanda juu ya gari, kufunga zile pembe za bati na kusema "moja, mbili, jaribu" huku wasichana wakikutazama. Nilivaa hata shati jipya kwa ajili hiyo. Bosi alicheka, halafu akaisukuma hedifoni ili ifunike sikio moja tu.

"Kijana, sikio moja vaa, ingine acha wazi," alisema. "Hii ya kuvaa ni ya mutu ya jukwaani. Hii ya wazi ni ya watu ya chini. Ukifunga yote mbili, utakufa na hutajua nani amekuua."

Nilicheka, nikifikiri anatania. Yeye hakucheka mara ya pili.

Ninyi vijana wa leo mna spika zinazoongea na simu bila waya, kwa hiyo nieleze kidogo. Sauti ya kila maiki huingia kwanza kwenye mashine ya kuchanganya, na kila maiki ina kitufe chake cha kusukuma juu na chini. Ukikipandisha, sauti inakwenda kwenye amplifaya, inakuzwa, inatokea kwenye pembe na uwanja mzima unasikia. Ukikishusha, uwanja hausikii kitu, lakini maiki haijalala. Fundi bado anaisikia kwenye hedifoni. Wakubwa wengi hawakulijua jambo hilo. Walikaa jukwaani na maiki mapajani, wakiamini kuwa pembe zikinyamaza basi wako peke yao. Nimesikia mambo ya ndoa za watu, magonjwa yao, na majina waliyowapa wananchi waliokuwa wakiwapungia mikono. Bosi alinipa sheria moja tu kuhusu hayo yote, kwamba anachosikia fundi kinalala kwa fundi.

Mengine aliyonifundisha aliyafundisha kwa vitendo. Usielekeze pembe kwenye maiki, maana sauti itajirudia na kulia kama nguruwe anayechinjwa. Wala usizielekeze pembe upande upepo unakotoka. Hilo la upepo tulilijulia Hamukungu, kijiji cha wavuvi kule ziwani, tulipopelekwa kutangaza habari za chanjo. Upepo ulikuwa unachukua maneno yote na kuyapeleka majini. Bosi alikuwa anatukana kimyakimya, mimi natoa jasho juu ya gari, ndipo wanawake wauza samaki waliokuwa mbele wakatuonea huruma. Mstari wa kwanza ulisikia neno, ukageuka na kulipokeza kwa mstari wa pili, wa pili ukalipokeza kwa wa tatu, mpaka nyuma kabisa kwenye vichanja vya samaki. Habari za chanjo zilifika zote. Njiani kurudi bosi alisema kuwa wale wamama wangeweza kutunyang'anya kazi sisi wawili.

Baadaye nilihamishiwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Bosi wangu wa pili, Msimamizi wa Habari wa kule, alikuwa mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwafanyia kazi, na mimi nilimdharau kwa hilo mpaka siku ya mkutano mmoja wa maendeleo. Mzee mmoja alipewa maiki, akauliza kwa nini dawa za zahanati zinauzwa sokoni. Hakutukana mtu. Mkuu wa usalama aliyekuwa amesimama karibu yangu alinigeukia.

"Wewe fundi! Kata hiyo kitu! Kata!"

"Afande..."

"Hakuna afande! Kata!"

Nilikitazama kitufe, sikukigusa. Alinisukuma, akaung'oa waya wa betri mwenyewe, cheche zikaruka. Mzee yule aliendelea kusema, midomo inacheza na hakuna kinachotoka, mpaka vijana wawili walipomshika mikono wakamshusha. Alirudi kijijini baada ya muda, lakini sikumsikia tena akiuliza kitu kwenye mkutano wowote. Msimamizi wangu aliniita pembeni jioni ile.

"Ni vizuri hukukata," alisema. Halafu akatazama huku na huku. "Lakini usirudie tena kutokukata."

Tangu siku hiyo niliacha kumdharau, maana hofu yake ilikuwa imehamia kwangu. Lakini pia niliapa moyoni kwamba mkono wangu hautamzimia mtu maiki. Nilipostaafu serikalini nikanunua mitambo yangu mwenyewe, nikatumikia harusi, mazishi, mahubiri, maulidi na wagombea wa rangi zote, na kiapo hicho kilijulikana. Wagombea walinikodi kwa sababu hiyo, na wengine hawakunikodi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye kampeni hii ya urais tuliyo nayo.

Mgombea ninayemzungumzia watu wa kwetu wanamwita Mheshimiwa wa Katikati. Si mtu wa serikali kabisa, si mpinzani mkali, na kila upande unaamini kwamba moyoni ni wake. Redioni alisema anataka uchumi wa watu wote. Akifika Kasese hotelini anakula na wenye mashamba makubwa na majumba ya ghorofa, nao wanatoka wakitabasamu. Kwa hiyo ubishi ukawa mmoja kila mahali, kuanzia Bulembia kule milimani hadi mpakani. Akishinda, atasimama na watu wadogo kweli, au ataishia katikati hapo hapo?

Kwa binti yangu Masika huu haukuwa ubishi wa kupitisha muda. Yeye ni kiongozi wa wanawake wanaovusha mizigo midogo mpakani: maharage, mafuta ya mawese, samaki wakavu, kila mtu na kikapu chake. Kila wakivuka wanatozwa ushuru, na mwenye lori la mbao anapita akipunga mkono. Wanawake hao walipeleka ombi lao kwa mgombea. Ushuru wa kikapu uondolewe, wenye mashamba na majumba walipe kodi inayowafaa, na fedha hizo zinunue dawa za zahanati. Watu wa mgombea wakajibu kwamba Mheshimiwa amelipenda sana ombi, ila angefurahi wanawake wakipanda jukwaani Bwera, mbele ya watu wote, watangaze kwamba wako naye. Masika angemkabidhi kikapu kama ishara.

Nilimwomba asikubali. Yeyote anayeijua Bwera anajua kwa nini. Mgombea akimaliza kusema anapanda gari na kuondoka. Aliyemuunga mkono anabaki na meza yake ya sokoni, anatazamwa na wale wanaogawa meza. Uchaguzi uliopita waliojitokeza hadharani walipoteza meza, na vijana wa familia fulani walichukuliwa kwa gari jioni, sitaki kusema zaidi.

"Baba, nikiogopa, wamama bote watarudi nyumbani," Masika aliniambia. "Yeye iko tayari kusema maneno yetu. Tutamuacha peke yake?"

"Una hakika atayasema?"

"Alituma mutu."

"Mutu si yeye."

Alinicheka, akasema nimekaa na pembe mpaka nimekuwa na maneno ya bati.

Siku ya mkutano nilifunga mitambo mapema. Jukwaa lilikuwa lori lililofunguliwa ubavu, karibu na uwanja wa soko. Wanawake walikaa mbele, wa mpakani pamoja na wale wa Hamukungu wanaoleta samaki. Kwenye kona walisimama wanaume wenye miwani myeusi ambao hawakununua hata ndizi. Mgombea alifika, akasalimia, akaketi na maiki mapajani. Nilikishusha kitufe chake, kama kawaida, wakati mwenyekiti wa mkutano akitambulisha wageni.

Ndipo nikasikia. Mshauri wake aliinama karibu, wakaongea Kiingereza cha haraka, lakini Kiingereza nimekisikia sikioni maisha yangu yote. Mshauri alimkumbusha kwamba wale wa hotelini ndio wanaojaza mafuta kwenye magari ya kampeni. Mgombea akasema hajasahau, kodi yao hataigusa. Mshauri akauliza na ushuru wa vikapu je. Mgombea akajibu kwa utulivu kabisa kwamba wanawake wakishatangaza hadharani hawatakuwa na pa kurudi, kwa hiyo yeye atasema ataunda kamati, inatosha. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga safari, na hilo ndilo lililonitisha.

Niliinua kichwa. Masika alikuwa tayari anapanda ngazi ya lori, kikapu mkononi, amevaa gauni lake la gomesi la bluu.

Nifanye nini? Ningekuwa nimekipandisha kile kitufe walipokuwa wanaongea, uwanja wote ungesikia, na mawe yangeruka, na wale wenye miwani wangepata walichokuja kukitafuta. Ningepiga kelele, nani angemsikia mzee mmoja chini ya pembe zake mwenyewe? Nilihisi haja ndogo inanibana, sioni aibu kusema. Masika alipokea maiki ya wananchi. "Mheshimiwa," alianza, "sisi wamama ya mupaka leo tumekuja kusema mbele ya watu kwamba sisi..."

Nikakishusha kitufe chake. Mkono wangu mwenyewe, bila afande yeyote.

Masika aliigonga maiki. Alitazama pembe, halafu akanitazama mimi. Mwenyekiti alinipigia kelele, nikajifanya nahangaika na waya, lakini macho yangu na ya mwanangu yalikuwa yamekwisha kukutana. Aliiweka maiki chini polepole. Akakiegemeza kikapu kiunoni.

"Wamama," aliita kwa sauti yake tu, "munanisikia?"

"Tunakusikia!"

"Mupokeze."

Wale wa Hamukungu waligeuka kwanza. Kila neno lake lilipita mstari kwa mstari kwenda nyuma, hadi kwenye stendi ya bodaboda. Hakutangaza kitu. Aliuliza. "Mheshimiwa, ushuru ya kikapu utaondoa? Watu wakubwa ya mashamba watalipa? Sema ndiyo, ao sema hapana. Kama ni hapana, tutarudi na kikapu yetu."

Mgombea alimtazama mshauri, mshauri akaniashiria kwa kidole nifungue maiki ya bosi wake. Nilikipandisha kitufe mpaka juu.

Mgombea alisimama. Akazitazama zile nyuso.

"Ndiyo," alisema. "Nitafanya. Yote mawili."

Watu walishangilia mpaka pembe zikalia. Mshauri alikuwa amefumba macho. Mmoja wa wale wenye miwani alimpiga Masika picha, akapiga tena kwa karibu.

Uwanja ulipokwisha watu, Masika alikuja kunisaidia kukunja waya. Tulikunja, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Ulisikia nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvunja sheria ya bosi wangu wa kwanza.

"Nilijua," alisema. "Wewe hujazimia mutu maiki hata siku moja. Ulinizimia mimi mutoto wako, nikajua umesikia kitu mubaya. Ndiyo maana sikusema tuko naye."

"Na sasa unamwamini?"

"Simwamini, baba. Lakini amesema mbele ya watu bote. Akikataa, akatae mbele ya watu bote."

"Mimi naogopa, Masika."

Aliendelea kukunja, kisha akasimama. "Na mimi naogopa," alisema. Hakuwahi kuniambia hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Niliacha kazi siku ile. Fundi aliyezima maiki hana cha kujisifia tena, hata kama alikuwa na sababu. Pembe zimo ndani ya nyumba, kuku wanatagia kwenye mojawapo. Kura bado. Mheshimiwa hajarudia maneno yale mahali pengine popote, wala hajayakana, na wiki iliyopita mshauri wake alipita hapa kwa heshima nyingi, akauliza yule mama wa kikapu anaishi wapi. Nilimwambia anaishi kwangu, ni mtoto wangu. Alishukuru, akaandika kitu kwenye simu yake, akaondoka.

Vijana wananiuliza kila siku. Mzee, wewe ulikuwa karibu naye, atafanya ama atatudanganya? Ningependa kuwajibu kama mtaalamu aliyefanya kazi kwa miaka mingi. Lakini sikio la kuvaa lilisikia hapana, na la wazi likasikia ndiyo, siku ile ile, mdomo ule ule. Labda watu wakiendelea kumuuliza kwa sauti, lile la wazi litashinda. Sijui.

Masika bado anavuka daraja la mpakani na kile kikapu, asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Jua likianza kushuka mimi naketi mlangoni, masikio yote mawili wazi, nasikiliza kama kinachokuja ni miguu yake ama ni gari.