Soko Lisilo na Mabeseni

Mchoro wa kwanza wa soko jipya la dagaa la Busia, mpakani na Kenya, sikuuchora mimi. Ulitoka kwenye kompyuta ya bosi wangu, msanifu majengo mwenye ofisi ndogo Tororo, nao ulikuwa safi hata ungedhani ni picha iliyopigwa: mabati yanang'aa, sakafu imefagiliwa, anga haina wingu. Ndani yake alikuwa amebandika akina mama wauzaji, kila mmoja na beseni lake mbele.

Mabeseni hayo ndiyo yaliyovunja mkutano wetu wa kwanza na wauzaji.

Dagaa, ambao upande wetu tunawaita mukene na upande wa Kenya omena, hufika asubuhi kutoka Majanji, kule ziwani. Anayewahi kuweka beseni chini ndiye mwenye mahali pale. Anaweza kwenda kunywa chai, anaweza kwenda hata msibani. Maadamu beseni limebaki, nafasi ni yake. Hakuna anayelisogeza. Kule ofisini hakuna aliyelifikiria hilo.

Picha ilipobandikwa ukutani, mwenyekiti wa wauzaji, mama wa Kisamia mwenye sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya mto, aliisogelea akagusa beseni la karibu na lango.

"Huyu ya gauni ya buluu ni nani?"

"Ni mfano tu, mama," bosi akasema.

"Mfano, na amekwisha weka beseni? Nyinyi mmekwisha gawa soko, sasa mnakuja kutuonyesha."

Mpinzani wake wa siku zote, mfanyabiashara anayevuka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya, siku hiyo alikuwa amevaa gauni la buluu. Watu wote wakamgeukia.

"Mnaniangalia nini? Kwani mimi nina kiuno chembamba hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kisha wote. Injinia wa mji akatamka neno lake mlangoni: angerudi mara moja tu. Wasipokubaliana, kiwanja kilichotengewa soko kitakuwa maegesho ya malori, nao wabaki kando ya barabara, dagaa wao wakila vumbi la magurudumu.

Bosi alitaka kuyafuta mabeseni na kuirudisha picha ileile. Nikamwambia shida si mabeseni peke yake. Picha ilikuwa imekamilika mno. Kitu kilichokamilika mtu hukikubali au hukikataa. Hapati pa kuingilia. Nikaomba nichore kwa mkono.

Asubuhi moja nilikaa kwenye kiwanja nikitazama kivuli kinavyohama. Kisha nikatandika karatasi kubwa. Nguzo nilizichora kwa mstari mmoja mmoja, nyingine hazikufika chini. Paa lilikuwa mpako mmoja wa brashi, rangi ya kijivu yenye maji mengi, nikaiacha itiririke itakavyo. Watu walikuwa michirizi tu, wote wanatembea, hawana nyuso. Beseni hata moja sikuchora. Sehemu za sakafu nikaziacha nyeupe.

Bosi akainamisha kichwa. "Hili ni soko au ni mvua?"

"Ni wazo," nikasema. "Likikauka kabisa watalivunja."

Siku ya mkutano wa pili, injinia akiwepo, tuliitandaza karatasi juu ya meza. Mwanamke wa Busia ya Kenya ndiye aliyeanza.

"Sasa mimi niko wapi hapa?"

"Hupo bado, mama. Hakuna aliyeketi bado."

Nikaweka kipande cha mkaa juu ya karatasi. Hakuna aliyekigusa. Mwenyekiti alikuwa akifuata rangi kwa kidole.

"Hii kivuli ni ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi."

"Basi jioni inarudi huku." Akaokota mkaa. Sote tulijua mkono unaelekea wapi: langoni, mahali pa mbele kama pale walipogombea yeye na mwenzake miaka yote kando ya barabara. Ukapita lango. Akachora duara lililopinda kama chapati ya kwanza, nyuma kabisa, karibu na bomba la maji.

"Lango ni ya kupigana, na mimi nimepigana ya kutosha. Wateja yangu watanifuata." Akamnyooshea mwenzake mkaa. "Shika, gauni ya buluu. Chora na kiuno yako."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwageuza hata madereva wa malori barabarani. Mwenzake alicheka kuliko wote, akachora lango la pili ili wenye mizigo wapishane. Kisha mikono ikafuata mikono. Michirizi yangu ikapata mabeseni, kitenge, mtoto mgongoni. Karatasi ikawa nyeusi na nzuri.

"Mmekubaliana?" injinia akauliza.

"Kwani huoni?"

Akaitazama tena, akatabasamu. "Basi kiwanja ni cha soko." Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani Kenya nzima ilivisikia.

Nilipoanza kuikunja karatasi, mwenyekiti akanishika kifundo cha mkono.

"Inakwenda wapi?"

"Ofisini, mama. Tukachore ramani yenye vipimo."

"Mwanangu, piga picha na simu."

Akalichukua beseni lake, bado lina magamba ya dagaa, akaliweka katikati ya mchoro.

Bosi alinitazama. Mimi nilikwisha toa simu.