Honi Iliyowatoa Watu Mashambani

Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wabaya wangu: mtu mimi, niliyeishia darasa la nne na tangawizi yangu ikaliwa mpaka Dar, niliaibishwa ukweni na honi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru na sabuni imerudi madukani, nami nikajipatia gari kubwa la familia, viti saba, magurudumu yote manne yanavuta. Jamani gari lile! Unabonyeza kitufe, kioo kinashuka chenyewe (siku ya kwanza nilikishusha na kukipandisha mpaka betri ikafa). Fundi pale Same alikuwa na vitu viwili vya kuongeza, nichague kimoja: winchi ya kujivuta kwenye tope, au honi ya upepo yenye sauti nene. Mwenye akili angechukua winchi. Mimi nikachukua honi, maana mke wangu Nakijwa alikuwa amerudi kwao na watoto, milimani juu ya Maore, akisema amechoka na mume anayejisifu hata usingizini, nami nikataka asikie tangu bondeni kwamba nakuja kumchukua.

Nikapanda kona kwa kona nikiipiga. Watu wakaanza kutoka! Mashambani, kwenye migomba, kwaya nzima kutoka kanisani, wengi wao na majembe begani, mpaka mwili ukanisisimka, nikapunga mkono nikijua napokewa.

Barabara ilipoishia nikaliacha gari, nikaingia kwa miguu uani kwa baba mkwe, na mzee mmoja akauliza, "Haya mkwe, kazi iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Kazi gani?"

"Marahaba. Si umepiga baragumu la msaragambo?"

Kumbe honi yangu ililia sawasawa na pembe inayoita watu kwenye kazi ya pamoja! Na huko pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu, na aliyeita hawezi kuwaambia rudini. Baba mkwe akaitazama suti yangu nyeupe, akasema taratibu, "Kazi ipo. Gari lako halifiki mlangoni kwangu. Aliyeita hutangulia."

Nikachimba barabara. "Mkwe anashika jembe kama kijiko cha pilau!" mama mmoja akapiga kelele, wakacheka mpaka ng'ambo ya korongo. Lakini nilipoinua kichwa nikaona kilima kizima kinainama na kuinuka pamoja, mwamba unang'oka kwa mikono mitupu, na gari langu lote nikaliona kidude tu.

Jioni nikamwomba Nakijwa tuondoke.

"Barabara imeishia mgombani, mume wangu. Ikifika mlangoni nitapanda."

Jumamosi nne nilipanda kwa miguu kutoka Maore, jembe begani. Honi niliing'oa, na mpaka leo simwiti mtu kwa kelele.

Siku barabara ilipofika mlangoni nilikuja na gari, Nakijwa akapanda na watoto. Kabla hatujaondoka, binti yangu akauliza, "Baba, hii barabara umechimba wewe?"

Ulimi ukaniwasha (mnanijua). Nakijwa akanigeukia, mlango wake bado wazi, anasubiri.

Nikasema, "Watu wa huku."

Nakijwa akafunga mlango vizuri, tukaenda.