Fundi Saidi na Breki za Pikapu ya Baba

Enzi zetu Nyamirambo, kabla watoto hawajafungiwa ndani na simu, raha yetu kubwa ilikuwa kupanda nyuma ya pikapu ya Baba, juu ya mbao alizokuwa akiuza, tukiteremka kwenda sokoni Nyabugogo. Breki zikikanyagwa, gari zima lilitetemeka. Mimi na rafiki yangu Zuhura tuliachama tukapiga "aaaa", sauti zikakatikakatika kama za mbuzi. Tulicheka hadi machozi. Baba, kule mbele, usukani ulimrukaruka mikononi na hakucheka hata kidogo. Siku moja mteremkoni alikosakosa kumgonga mama aliyebeba ndizi kichwani. Aliporudi, alienda moja kwa moja kwa Fundi Saidi.

Huyo alikuwa baba yake Zuhura, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yao, ulionuka grisi na maandazi ya mkewe. Alimuuliza Baba swali ambalo mtaa ulilicheka mwezi mzima.

"Baba Madina, mtetemeko unausikia kwa mikono ao kwa matako?"

"Kwa mikono. Na pedali inanisukuma mguu."

"Basi ugonjwa iko mbele. Ingekuwa matako, ningefungua nyuma."

Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akashikilia ncha ya bisibisi karibu kabisa na diski ya breki, akaizungusha polepole. Ikagusa, ikaachia, ikagusa tena. Alituita sote tuone: diski ilikuwa imepinda. Kumbe Baba, kila akifika chini, alikuwa akimwagia maji magurudumu yakiwa bado moto.

"Hata wewe ukitoka juani ukamwagiwa barafu, utajikunja," Fundi alimwambia.

Diski mpya hazikupatikana. Vita vya kaskazini vilikuwa vimeadimisha kila kitu. Akazipeleka diski zote mbili za mbele kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukereza vyuma, zikanyooshwa. Akakwangua kutu pale diski zinapokaa, akafunga nati kwa kupishanisha, moja huku, inayofuata upande wa pili. Tulipoteremka tena, pikapu ilisimama bila hata kutikisika. Mimi na Zuhura tulinuna. Mchezo wetu ulikuwa umekufa.

Kisha ikaja Aprili ya 1994. Siku ya tatu ya milio ya risasi, Baba aliamua tukimbilie kusini. Alisimamisha pikapu mlangoni kwa Fundi Saidi.

"Pandeni wote. Nitawafunika turubai."

Fundi alitikisa kichwa. "Kwenye kizuizi cha kwanza wataomba vitambulisho. Wakiona kabila kwenye vyetu, na ninyi hamvuki. Nenda, ndugu yangu. Breki iko sawa."

"Basi nipe Zuhura. Nitasema ni wangu."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akamsogeza mtoto mbele, lakini Zuhura alikuwa ameng'ang'ania kitenge cha mama yake kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbandua. Nilimwita. Hakugeuka.

Tulivuka vizuizi vyote. Tuliporudi, miezi imepita, nyumba yao haikuwa na milango wala bati. Jirani mmoja alitueleza yaliyowapata, kwa maneno machache, akitazama chini. Baba aliiuza pikapu wiki ileile na hakuendesha gari tena hadi kufa kwake. Mara moja tu nilimsikia akimwambia Mama, "Ningemchukua kwa nguvu."

Siku hizi naishi Kimironko, upande mwingine wa jiji. Mwanangu gari likimsumbua huchomeka kikompyuta, akasoma kioo, akajiona bingwa; hata kubadilisha tairi hajui. Barabara ni laini, taa zinawaka kila kona, na kila nyumba ina ukuta mrefu. Jirani niliyekaa naye miaka sita, sijui hata mtoto wake anaitwa nani. Sisi tulijuana wote, mlango hadi mlango. Majina ya watoto wa mtaa wetu bado ninayo kichwani, na mengine hayana mtu mwingine anayeyakumbuka.